Somo Letu: Kutafuta Dawa ya Shida Isiyofika Bado



Katika mkutano mkuu uliopita iliamuliwa kwamba kila tawi lilete shauri moja, lililofikiriwa vizuri na kuandikwa, juu ya shida itakayotukabili miaka 15 ijayo. Tangu siku hiyo tumepokea maswali mengi. Wengine wanauliza shauri liandikwe namna gani. Wengine wanasema mambo ya kesho ni ya Mungu, na sisi waja hatuna la kusema. Hilo la pili hatulipingi. Walakini hata mwenye kumtegemea Mungu hupanda mche wa mkarafuu leo, naye ajua kwamba hataanza kuuchuma mpaka ipite miaka sita au minane, na kwamba mti hautakamilika mpaka yapata miaka 20. Mwenye mpunga huhesabu miezi. Sisi kazi yetu tangu asili ni kuhesabu miaka. Basi kufikiri mambo ya mbele kusituonekane kuwa elimu ya kigeni.

Somo la leo tumelichukua mbali kidogo, katika mji wa Bukoba na wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Ziwa Magharibi. Sababu ni kwamba mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye mashamba yake yako huku na duka lake liko Kashai, ndiye aliyeleta hoja ile katika mkutano. Wengi wetu tulidhani anazungumza habari za biashara yake. Kumbe alikuwa akitueleza habari zetu wenyewe.

Kashai ni kata ya mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, na ni mojawapo ya kata zenye watu wengi mjini humo. Watu wake wengi asili yao ni vijijini, kwenye vibanja, yaani yale mashamba ya migomba na mibuni yanayoizunguka nyumba ya Mhaya kama mikarafuu inavyozunguka nyumba zetu. Kijana huondoka kibanjani akaja mjini kutafuta riziki, na mzee hubaki nyuma na migomba. Msomaji ataona tunaelekea wapi.

Kwanza tufahamu kwamba shida za mbele ni za namna mbili. Iko shida isiyopiga hodi. Siku ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, mchana, ardhi ya Bukoba ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, na nyumba nyingi zilianguka. Hakuna aliyeweza kuitaja saa ile kabla haijafika. Kwa shida ya namna hii mtu aweza kujenga ukuta wenye nguvu tu, basi, akaendelea na kazi zake.

Lakini iko shida nyingine ambayo hupiga hodi miaka mingi kabla ya kuingia, nasi tumekaa barazani twaisikia. Hii ndiyo tunayoitaka katika mashauri yenu.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana huko huko Kagera. Mwaka 1987 watu wazima wa mji wa Bukoba walipimwa, ikaonekana kwamba katika kila 100, yapata 24 walikuwa na virusi. Muleba walikuwa 10 katika kila 100. Hebu tuzipime hesabu hizi kama mtu apimavyo karafuu, bila haraka. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijapatikana. Wengi wa wale 24 walikuwa watu wa umri wa kuzaa na kulea. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye kalamu, mwaka ule wa 1987, angaliweza kuandika kwenye karatasi kwamba baada ya miaka kumi nyumba nyingi zitakuwa na watu wa namna mbili tu: bibi mzee na wajukuu. Watu wa katikati, wenye nguvu za kulima na kuchuma, watakuwa wameondoka. Hakikuhitajika kipaji cha kubashiri. Ilihitajika hesabu ya kutoa, ile tuliyofundishwa darasa la pili.

Kupimwa na kufundishwa kulisaidia. Mjini Bukoba wale 24 walipungua wakawa yapata 13 mwaka 1996, na Muleba wakawa yapata wanne mwaka 1999. Jambo hilo ni la kuwasifu wenyeji. Lakini waliokwisha kufa hawakurudi, na wale mabibi walibaki na watoto mikononi.

Hapo ndipo dawa ilipotafutwa, na namna ilivyotafutwa ndilo somo lenyewe.

Wengi walipoiona shida waliitaja hivi: yatima ni wengi. Ukiitaja hivyo, jawabu linalokuja upesi ni nyumba ya yatima: jengo, vitanda, mlinzi mlangoni, na bwana mkubwa wa kulizindua. Katika Nshamba, wilaya ya Muleba, wako watu walioigeuza kauli. Waliuliza: mtoto huyu yuko kwa nani sasa? Wakaona yuko kwa bibi yake. Anampenda, anamlea, ila hana chumvi, hana sabuni, na mtoto hana viatu vya kwendea shule. Basi shida haikuwa ukosefu wa nyumba, wala ukosefu wa mlezi. Mlezi yupo, fedha ndizo hazipo. Mwaka 2003 ukaanzishwa mpango uitwao Kwa Wazee, ambao Kurt Madörin, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Nshamba, alikuwa mwanzilishi wake. Mzee alipewa shilingi 6,000 kila mwezi, na shilingi 3,000 zaidi kwa kila mtoto anayemlea. Hakuulizwa atazitumiaje.

Tunajua baadhi ya wanachama hapa watatikisa kichwa. Mtu apewe fedha mkononi, bila kazi, bila mtu wa kumsimamia? Tulisikia maneno haya haya katika mkutano wetu. Na bila shaka yalisemwa Nshamba pia. Jambo lililowafaa wale watu wa Nshamba ni kwamba hawakubishana kwa midomo. Walianza na wazee wachache, wakaendelea miaka kadhaa, kisha wakaitisha watu wa kuchunguza, wakawalinganisha wazee waliokuwa wakipata fedha na wazee wenziwao wasiopata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wale waliopata walikula vizuri zaidi, wajukuu walikuwa na vifaa vya shule, na wazee wenyewe walikuwa na mashaka machache zaidi ya moyo. Fedha zilikwenda kwenye mambo madogo madogo ya nyumbani, kama vile chumvi na sabuni na viatu. Mwenye kutaka kubisha baada ya hapo ilimpasa alete hesabu yake.

Sisi wa visiwani tunajua neno hili limefika wapi. Mwaka 2014 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipitisha Sera ya Hifadhi ya Jamii, na mwezi wa Aprili 2016 ikaanzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa fedha za serikali yenyewe, jambo ambalo Afrika Mashariki lilikuwa halijaonekana. Zilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikaongezwa. Hatusemi kwamba Unguja ilinakili Nshamba. Tunasema kwamba fikra ambayo mwaka 2003 ilionekana kama kichekesho, miaka 13 baadaye mzee wa Micheweni aliipanga foleni akiwa na kitambulisho chake mkononi, wala hakuna aliyecheka.

Sasa turudi kwenye mikarafuu yetu.

Shauri jema huanza kwa kuitaja shida vizuri. Matawi mawili yamekwisha leta karatasi, na zote mbili zimeandikwa kwamba shida ijayo ni vijana kukimbia mashamba. Twawashukuru kwa kuwahi. Lakini twaomba wazitazame tena, maana huko ni kutaja yatima na kumsahau bibi. Watu wa elimu ya uchumi walizitembelea nyumba zaidi ya 900 za Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994, kisha mwaka 2004 wakawatafuta watu wale wale popote walipokwenda. Waliona kwamba aliyehama hali yake ilipanda kuliko ya nduguye aliyebaki, hata wakiwa wamelelewa nyumba moja: kukua kwa matumizi ya waliohama kuliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Hivyo kijana anayeondoka si mpumbavu, wala si mtovu wa adabu. Ametazama na kuona. Kwa rai yetu shauri lolote lililojengwa juu ya kuwazuia vijana litaanguka, tena litaanguka na wazee ndani yake. Lijengwe juu ya kukubali kwamba wengi wataondoka, na wachache watabaki, na wengine watakuwa wakirudi msimu wa karafuu tu.

Basi shida yetu hasa ni ipi? Tujiulize kama walivyouliza Nshamba: mti huu uko kwa nani sasa? Uko kwa mzee. Mwanachama mwenye miaka 55 leo, miaka 15 ijayo atakuwa na 70, Inshallah. Mti wake utakuwa unazaa. Yeye hawezi kuupanda, wala haifai aupande, kwani sote tumezika au tumeuguza mtu aliyeanguka mkarafuuni. Mkewe atachambua, ataanika, atakunja majamvi mvua ikija, kupanda hawezi. Basi mzee huyu ana mali juu ya mti na hana njaa ndogo nyumbani. Huja mtu mwenye fedha, akaukodi msimu mzima kabla ya karafuu kutoka, kwa bei ya mwenye shida. Mzee hupokea, kwa sababu fedha ya leo ina sauti kuliko karafuu ya miezi mitatu ijayo. Wapo wanachama wanaofanya biashara ya kukodi mashamba kwa haki, nasi hatuwasemi hao. Ila kila mmoja wetu anamjua mzee aliyepokea theluthi ya thamani ya mali yake.

Kwa hiyo twapendekeza shida iandikwe kwa namna ya swali, na swali liwe hivi: Tufanyeje ili mzee asiyeweza kupanda mti apate faida ya mti wake, miaka ambayo wanawe hawapo? Likiandikwa hivyo, majawabu yatakuja yenyewe. Likiandikwa kwamba vijana wamekuwa wabaya, yatakuja manung'uniko.

Baada ya swali, tawi likae barazani na kila mtu aseme fikra yake, hata ya kichekesho, na katibu aziandike zote bila kukatwa mtu. Jambo hili ni gumu kwetu kuliko linavyosikika, maana mtu mdogo huona haya kusema mbele ya mkubwa. Twashauri vijana waanze kusema, kisha kina mama, na wazee wamalizie. Mzee akianza, mazungumzo yamekwisha.

Katika kuzichagua fikra, fikra ndogo isidharauliwe. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia Kagera, na mgomba kwa Mhaya ni chakula chenyewe. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi jingine, na panga lisilosafishwa huubeba pia. Mojawapo ya dawa zilizofundishwa ilikuwa kijiti chenye panda: mkulima huliondoa lile ua dume kwa kulizungusha na kijiti mpaka likatike, bila kutia kisu. Gharama yake ni kukata kijiti. Mtaalamu angeweza kuona haya kuileta mbele ya wakubwa dawa ya namna hiyo. Walakini dawa ambayo bibi kizee aweza kuifanya asubuhi kabla ya chai huenea, na dawa ya mashine hungoja vipuri.

Sasa tutoe mfano wa kupima fikra kwa hesabu, kwani bila hesabu hatutazisoma. Mfano huu ni wa kufundishia tu. Tuseme tawi lina wanachama 40, na kila mmoja kwa wastani huuza kilo 50 za karafuu kavu katika msimu mzuri. Wanakubaliana kutoa kilo moja katika kila 25. Kila mmoja atatoa kilo mbili, jumla kilo 80. Tukiweka bei ya shilingi 15,000 kwa kilo, ni shilingi 1,200,000. Fedha hizo zatosha kuwapa wazee kumi shilingi 10,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwenye kusoma hapo atapiga makofi. Asipige bado. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Msimu mkubwa huja, kisha hufuata miaka ya kuokota okota. Mavuno yakishuka yakawa robo, mfuko utapata shilingi 300,000, nazo zitakwisha katika miezi mitatu. Mzee aliyekwisha zoea, mwezi wa nne ataambiwa nini? Basi shauri hili halifai mpaka lionyeshe jinsi mwaka mzuri utakavyoubeba mwaka mbaya. Labda mzee apewe shilingi 5,000, na nusu ya fedha iwekwe. Hata hivyo miwili mibaya ikifuatana, akiba nayo itakwisha. Mtu akituletea shauri lenye mwaka mzuri tu ndani yake, tutalirudisha.

Iko fikra nyingine iliyosemwa na mama mmoja katika tawi la kusini, nasi tunaiona ina nguvu zaidi, ingawa haijapimwa. Yeye alisema tawi liwe na kundi la wapandaji, vijana waliobaki pamoja na wale wanaorudi msimu, wakiandikwa kabla na kufundishwa kutumia kamba. Kundi lichume miti ya wazee kwanza, kwa fungu linalojulikana, mathalan theluthi kwa wachumaji na theluthi mbili kwa mwenye mti, na mzee apewe kitu kidogo cha mwanzo kutoka mfuko wa tawi ili asilazimike kukodisha. Kitu hicho kirudishwe karafuu zikiuzwa. Angalieni uzuri wake: mfuko hautoi sadaka, unakopesha juu ya karafuu zilizo mtini, na mwaka mbaya ukija, wanaokopeshwa ni wachache kwa sababu miti ya kuchumwa ni michache. Ubaya wake nao uko. Nani atasimamia mizani? Na kundi likienda kwanza kwenye shamba la mwenye kitu, je? Na mpandaji akianguka? Maswali haya yote yamo katika karatasi ya mama yule, ameyaandika mwenyewe, nasi tulifurahi kuliko tulivyofurahia shauri lenyewe.

Sasa neno juu ya kulitoa shauri mbele za watu. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Bukoba walitolewa kanuni na serikali ya kikoloni juu ya namna ya kutunza mibuni yao. Zilikuja kama amri. Wenyeji waliona wanaingiliwa katika vibanja walivyorithi kwa babu zao, wakazikataa, zikatokea ghasia. Miaka 13 baadaye, mwaka 1950, wakulima wale wale walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa. Watu waliokataa kuamriwa namna ya kutunza mti mmoja walikubali kukipa chama mazao yao yote, kwa kuwa chama kilikuwa chao. Hivyo mtoa shauri katika mkutano asisimame kama mtu aliyeleta sheria. Na asimame na mzee pembeni yake, mzee mwenyewe ambaye mti wake unasemwa, aulizwe mbele ya watu kama jambo hili analitaka. Pengine atasema halitaki. Afadhali tulijue hilo mkutanoni kuliko baada ya kununua kamba.

Maneno yasizidi robo saa. Hesabu ziandikwe kwa chaki ubaoni, kwa tarakimu kubwa, ili aliye nyuma azione. Anayesema aanze na swali, kisha aseme nani ataumia tusipofanya kitu, kisha afungue hesabu ya mwaka mzuri na ya mwaka mbaya, kisha aombe ruhusa ya kujaribu kwa wazee watano, msimu mmoja. Asiombe tawi zima. Wazee watano ni rahisi kukubaliwa, na msimu ukiisha kila mtu atakuwa ameona kwa macho yake kilo ngapi zilifika kwenye kituo cha kuuzia kwa jina la mzee mwenyewe. Pia achague tangu mwanzo wazee wengine watano ambao hawatakuwa katika jaribio, ambao miti yao yalingana na ya wale, ili tuwe na cha kulinganisha. Bila hao, watu watasema ni baraka ya mvua tu, na hatutakuwa na la kuwajibu.

Karatasi za mashauri zimfikie katibu wa tawi kabla majamvi hayajatolewa kwa msimu ujao. Kila karatasi iwe na swali, na fikra zote zilizosemwa barazani, hata zile zilizoachwa, na hesabu mbili, na majina ya wazee watano waliokubali kwa hiari. Tawi lisilokuwa na mwandishi mzuri lilete maneno kwa mdomo, nasi tutakaa nao siku ya Jumamosi asubuhi ofisini tukaandika pamoja. Na wale wanachama walioko bara, Kashai na kwingineko, nao wahesabiwe katika tawi la mashamba yao. Waandikiwe barua au wapigiwe simu, waulizwe swali lile lile, kwa kuwa miti yao iko kwa wazee wao.